Saa 40 kati ya 360: Mwalimu wa Kujitolea katika Shule ya Kijijini Thailand

Wanachuo wanaokaribia kumaliza mafunzo huuliza mara kwa mara habari za kwenda kujitolea kufundisha Kiingereza katika nchi za mbali, na Thailand ni mojawapo ya nchi zinazotajwa sana. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo ilivyo darasani, kwa kutumia mfano wa shule ndogo za mkoa wa Surin, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ambako mwandishi alijitolea kwa muhula mmoja. Habari za safari, za vyakula na za mahekalu zimeachwa makusudi, kwani zimekwisha andikwa na wengi. Linaloangaliwa hapa ni swali la njia za kufundisha: mgeni apitaye afundishe nini, na afundisheje, ili kazi yake isiondoke pamoja naye siku anapofunga sanduku?

Yafaa kwanza tufahamu mahali Kiingereza kilipo katika nchi hiyo. Thailand haikupata kutawaliwa na dola yoyote ya Ulaya, kwa hiyo Kiingereza hakikuingia kwa njia ya ofisi za serikali na mahakama kama kilivyoingia kwetu. Kwa mtoto wa kijijini ni lugha ya kigeni hasa. Huisikia kwa mwalimu, katika nyimbo na katika simu ya mkononi, na baada ya hapo hana haja nayo mpaka kipindi kijacho. Hata hivyo ni somo la lazima tangu darasa la kwanza, na limekuwa hivyo tangu mwaka 1996. Elimu ya msingi, iitwayo Prathom, huchukua miaka 6, kisha hufuata Mathayom, miaka 6 mingine. Mtaala uliotolewa mwaka 2008 ulikipa Kiingereza saa 40 kwa mwaka katika madarasa matatu ya kwanza, na saa 80 kwa mwaka kuanzia darasa la nne hadi la sita. Baadaye madarasa ya chini yaliongezewa saa, lakini na tuitumie hesabu ya mtaala huo. Miaka mitatu ya kwanza inatupa saa 120, mitatu ya pili saa 240. Jumla ni saa 360 katika Prathom nzima.

Mwaka wa shule una mihula miwili. Wa kwanza huanza katikati ya Mei na kwisha Oktoba, wa pili huanza Novemba na kwisha Machi. Mwalimu wa kujitolea anayechukua darasa la nne kwa muhula mmoja atakuwa na saa 40, iwapo hapatatokea sikukuu, mafuriko, homa wala michezo ya wilaya. Hiyo ni sehemu moja ya tisa ya Kiingereza chote atakachofundishwa mtoto yule katika Prathom. Sehemu nane, yaani saa 320, zi mikononi mwa mwalimu wa Kithai ambaye alikuwapo kabla ya mgeni na atakuwapo baada yake. Mwanachuo aiweke hesabu hii mbele ya macho yake kabla hajaandika andalio lake la kwanza la somo. Mgeni aliyezitumia vizuri saa zake 40 peke yake amefanya kazi ndogo. Aliyezitumia kwa namna ambayo zile 320 nazo zikapata nguvu amefanya kazi kubwa.

Mwalimu huyo mwenyeji ni nani? Nchini Thailand shule yenye wanafunzi chini ya 120 huhesabiwa kuwa shule ndogo, na shule za namna hiyo zipo kwa maelfu. Mara nyingi walimu wake hawatoshi madarasa yaliyopo, hivyo mwalimu mmoja huweza kushika madarasa mawili kwa wakati mmoja, na anayefundisha Kiingereza huenda alisomea hesabu au michezo. Ili kuzisaidia shule za aina hiyo, masomo yalianza kurushwa kwa televisheni mwaka 1995 kutoka Shule ya Wang Klai Kangwon mjini Hua Hin: mwalimu wa Hua Hin hufundisha katika kioo, na mwalimu wa kijijini hupita kati ya madawati akiwasaidia watoto kufuata. Wageni nao si jambo jipya. Shirika la Peace Corps la Marekani lilipeleka watu wake wa kwanza Thailand mwezi Januari 1962, miezi michache tu baada ya kundi lake la kwanza kufika Tanganyika mwaka 1961. Basi mwalimu mwenyeji amekwisha waona wageni wengi wakija na kuondoka, na si ajabu akimpokea wa sasa kwa tabasamu na subira, akihesabu miezi.

Kuhusu mtoto mwenyewe, hali yake haiko mbali na ya watoto wengi wa kwetu. Katika vijiji vingi vya Surin lugha ya nyumbani ni Kikhmer, jamaa ya lugha ya Kambodia, na katika vijiji vingine ni Kikui au Kilao. Kithai hukutana nacho shuleni. Kiingereza ni lugha yake ya tatu, kama kilivyo lugha ya tatu kwa mtoto wa Kisukuma au wa Kihehe aliyejifunza Kiswahili akiwa dawatini. Zaidi ya hayo, wengi wa watoto hao hulelewa na bibi na babu, maana wazazi wamekwenda Bangkok na miji mingine kutafuta kazi za viwandani na za ujenzi. Mwalimu atoapo kazi ya nyumbani asitazamie kwamba pana mtu nyumbani wa kuisoma. Lugha ya kigeni ya mtoto huyu huanza na kwisha ndani ya chumba cha darasa.

Tuingie sasa katika matamshi, ambamo mwalimu aliyekulia katika Kiswahili ana mengi ya kuona. Kiswahili hupenda silabi iliyo wazi, inayokwisha kwa irabu. Neno la kigeni likija na konsonanti mwishoni, tunaliongezea irabu: “bill” ikawa bili, “bus” ikawa basi, na Wazanzibari wakaifanya “school” skuli. Kithai kinashughulikia tatizo hilo hilo kwa njia iliyo kinyume. Kinakubali konsonanti mwishoni, lakini chache tu, na zile za p, t na k hufungwa mdomoni bila kuachiliwa pumzi. Isiyo katika hesabu hiyo hugeuzwa au hukatwa. L ya mwisho hugeuka n, hivyo “bill” huwa bin na “school” huwa sakun, ikiongezewa a kati ya s na k. S ya mwisho hugeuka t, au hupotea kabisa. Na baada ya mfuatano wa irabu kama ai au ao, Kithai hakiruhusu konsonanti nyingine ifuate. Kwa sababu hiyo “like”, “light”, “line” na “life” zote hutoka lai. Tena katika maongezi ya kawaida r husemwa l. Mtoto akiambiwa aseme kwa Kiingereza kwamba anapenda wali, sentensi nzima ya “I like rice” hutoka hivi: ai lai lai.

Mgeni asiyejua sababu husikia uvivu. Mwenye kujua sababu husikia mtoto anayefuata kwa uaminifu kanuni za lugha ya shule yake. Tofauti ya masikio hayo mawili ndiyo tofauti ya somo litakalofuata, kwa kuwa wa kwanza atarudia “like, like, like” kwa sauti inayozidi kupanda, na wa pili atatafuta mlango.

Mlango upo. Konsonanti inayomshinda mtoto mwishoni mwa silabi haimshindi hata kidogo mwanzoni. K ya “like” hupotea kwa sababu haina pa kukaa. Tuipe irabu mbele yake nayo itakaa. Anza na “like it”, uitamke kama lai-kit. Mtoto wa Kithai ataisema mara ya kwanza, bila jasho. Fuata na “like eggs”, kisha “like oranges”, yaani majina yanayoanza kwa irabu, na uendelee siku mbili tatu mpaka k ile imezoea kuwapo. Ndipo ulete “like rice” na “like fish”, na darasa litaibeba k kutoka mahali ilipozoea mpaka mahali pageni. Vivyo hivyo “five eggs” kabla ya “five pens”. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba dawa hii inamfaa na mtoto wetu asemaye “laiki”. Yeye huongeza irabu ambayo haikuwapo. Neno linalofuata likianza kwa irabu, haja yake ya kuongeza imekwisha timizwa. Mwanachuo anaweza kuijaribu katika mazoezi ya kufundisha hapa hapa nchini.

Upo na mlango wa pili, ambao si wageni wengi wanaouona. Kikhmer kinayo l ya mwisho. Kichwa kwa Kikhmer ni “kbal”, na mtoto wa Surin hulitamka neno hilo barabara tangu alipoanza kusema, pamoja na konsonanti zile mbili zilizoandamana mwanzoni. Hata r ya mwisho, ambayo matamshi ya kawaida ya Kambodia yameiacha, Wakhmer wa Surin wameihifadhi. Kwa hiyo mtoto yule yule asemaye sakun darasani ana uwezo kamili wa kusema “school”. Ameuacha nyumbani pamoja na lugha yake, kwa kuwa shuleni hakuna aliyepata kumwambia kwamba lugha ya bibi yake ina manufaa yoyote. Mwandishi aliandika “kbal” ubaoni kwa herufi za Kilatini, watoto wakalisoma na kucheka kwa mshangao. L yake ikachukuliwa ikapachikwa kwenye “ball”, “bill” na mwishowe “school”. Mwalimu mwenyeji, naye ni Mkhmer wa wilaya ile ile, alitoa maneno mengine sita ambayo mgeni asingeyapata katika kitabu chochote. Kipindi kile kilikuwa chake.

Majina ya utani ya watoto nayo ni zana isiyonunuliwa. Karibu kila Mthai ana jina fupi la nyumbani mbali na jina lake refu la cheti, na ndilo linalotumika darasani. Mengine ni ya Kithai, kama Nok, ndege, au Lek, mdogo. Mengi siku hizi ni ya Kiingereza: Ball, Bank, Ice. Kwa Kithai Ball huitwa Bon, Bank huitwa Baeng, na Ice huwa Ai. Hapa inatakiwa busara. Jina ni mali ya mtoto, na Bon asiambiwe kwamba hajui kutamka jina lake mwenyewe. Ninavyoona mimi, yatosha kumweleza kuwa ana majina mawili, moja la kijijini na moja la kipindi cha Kiingereza, kama mtu aitwaye Yohana kwetu anavyoweza kuitwa John ugenini asipoteze kitu. Watoto hulipenda sana jambo hili, na l ya mwisho hupata bingwa wake darasani.

Sarufi haitatuchelewesha. Kitenzi cha Kithai hakibadiliki kwa wakati wala kwa nafsi, na jina halina umbo la wingi. Mbwa wawili huwa “ma song tua”: mbwa, mbili, na neno la aina. Neno hilo la mwisho litamvutia msemaji wa Kiswahili, maana Wathai wamezigawa hesabu zao kwa aina za vitu kama sisi tulivyogawa majina kwa ngeli: wanyama wana tua, watu wana khon, vitabu na visu wana lem, magari na miavuli wana khan. Mwalimu akieleza kwamba s ya “dogs” inafanya sehemu ya kazi hiyo, ataeleweka upesi zaidi kuliko akisema “wingi”. Katika uandishi, akumbuke kwamba Kithai hakina herufi kubwa wala hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Mtoto wa darasa la kwanza anayeandika sentensi nzima kama neno moja hajakosea kwa uzembe.

Linalosumbua zaidi ya sarufi ni itikio la pamoja. Mwalimu anapoingia, kiranja hutoa amri, darasa zima husimama na kuimba salamu: “Good morning, teacher”. Mwalimu akiuliza hali, hujibiwa kwa wimbo ule ule kwamba wote ni wazima, wanashukuru, na yeye je? Msomaji hana haja ya kusafiri ili kuusikia wimbo huu. Humfurahisha mgeni siku ya kwanza, na ubaya wake ni huo, kwani huweza kuwaficha watoto 30 ambao hakuna hata mmoja aliyesema neno lake mwenyewe. Kuwaita mmoja mmoja wasimame mbele nako hakufai. Wathai wana neno “kreng jai”, maana yake ni kuona haya kumsumbua mwingine, hasa mkubwa. Mtoto mwenye adabu hatamwambia mwalimu kwamba hakuelewa, kwa sababu ni kama kusema mwalimu hakufundisha. Ukiuliza “Do you understand?” utaitikiwa ndiyo na darasa zima. Swali hilo halina faida. Ni afadhali lifutwe.

Njia iliyofaa ni kushuka kwa ngazi. Kwanza darasa zima, kisha safu moja ikisema na nyingine ikijibu, kisha wawili wawili wakiwa wameketi, wote kwa wakati mmoja, ili sauti ya kila mmoja ifichwe na sauti za wenzake. Mwalimu hupita akisikiliza. Katika ngazi hiyo ya tatu mtoto mwenye haya husema kwa mara ya kwanza, maana hakuna anayemsikiliza ila jirani yake. Vitu vya kusemea vilikuwa vya kijiji: embe, papai bichi, yai, samaki, kikapu cha mpunga. Kila mtoto alimwuliza jirani anapenda nini na kuandika jibu katika daftari, na kuelewa kwao kulipimwa kwa daftari hilo. Kelele zilikuwapo. Mkuu wa shule alichungulia mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Lililo gumu kuliko yote halihusu watoto. Mwezi Juni, kwa kawaida siku ya Alhamisi, shule za Thailand hufanya ibada ya wai khru, ya kuwaheshimu walimu. Wanafunzi hupiga magoti na kutoa maua, na kila ua lina maana: ua la bilinganya huinama, ni unyenyekevu, nyasi huenea upesi, ni maarifa yanayokua. Neno khru lenyewe latokana na guru la Kisanskriti. Mwalimu anayepigiwa magoti hivyo mbele ya kijiji kizima hawezi kusahihishwa mbele ya watoto akabaki kama alivyokuwa. Katika shule moja, isiyo na haja ya kutajwa, mgeni mmoja alikuwa na desturi ya kumkatiza mwalimu mwenyeji na kurekebisha matamshi yake papo hapo. Alikuwa sahihi kila mara. Mwalimu hakulalamika, alihamia nyuma ya darasa na mafuta ya kusahihisha daftari za hesabu, na tangu siku hiyo hakusema tena Kiingereza mbele ya wanafunzi wake. Mgeni aliondoka Oktoba. Hebu hesabu saa zilizobaki kwa watoto wale, na ni Kiingereza gani kilichotazamiwa kusikika ndani yake.

Kwa sababu hiyo saa muhimu ya juma ni ile ambayo mgeni na mwenyeji huketi pamoja kuandika andalio la somo, watoto wasiwepo. Huko matamshi huulizwa na kujibiwa bila aibu, na pande zote mbili hujifunza, kwani mgeni naye ana Kithai cha kuchekesha. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapo ambayo Mwingereza hana. Sauti za th, dh, z na v, ambazo Kithai hakina, sisi tunazo katika thelathini, dhahabu, zabibu na vitabu. Lakini Kiingereza chenyewe tulijifunza ukubwani kidogo, dawatini, na tunakumbuka kilivyopatikana. Mwalimu mwenyeji anayemwona mtu aliyeanza alipoanza yeye hupata moyo ambao hapewi na yule aliyezaliwa ndani ya lugha.

Ya adabu ni machache lakini hayana mjadala. Viatu huvuliwa mlangoni. Kichwa cha mtoto hakiguswi, hata kwa kumpongeza, na mguu hauelekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Saa 2 asubuhi bendera hupandishwa, na mgeni husimama wima kama wengine. Kujitolea huhesabiwa kuwa kazi hata kama hakuna mshahara, hivyo hati za kuingia na za kazi zitengenezwe kabla ya safari. Wakala anayesema zitapatikana baadaye asiaminiwe.

Katika majuma manne ya mwisho zamu zibadilike. Mwenyeji afundishe, mgeni awe msaidizi: kwanza kwa robo ya kipindi, kisha nusu, kisha kipindi kizima, mgeni akiketi nyuma na kuitwa tu panapohitajika sauti ya pili katika mazungumzo. Pawepo daftari moja, lililoandikwa na wote wawili tangu mwanzo, lenye maneno kwa mpangilio wa sauti za mwisho, sentensi za kuunganisha kama “like it”, maneno ya Kikhmer yaliyosaidia, na kando yake alama ya kilichofaulu na kilichokataa. Daftari hilo hubaki katika kabati la shule. Muhula wa pili ukianza Novemba, litafunguliwa na mwalimu wa darasa la nne, na mwandiko wa nusu ya kurasa zake utakuwa wake.